Nimepunguzwa kazini na miaka 57, wanataka nisaini

Kutoka: Baba Neema, Brooklyn Park, Minnesota

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Jana asubuhi niliitwa kwenye kikao cha dakika 15, cha kwenye kompyuta. Hakikutajwa ni cha nini. Nikafungua, nikamkuta bosi wangu na dada mmoja wa utumishi ambaye sijawahi kumwona. Nikajua. Hata kikao hakijaisha, beji yangu ilishazimwa. Miaka 19 nimekagua mirija ya vifaa vya moyo pale, usiku na mchana, na kijana niliyemfundisha mwenyewe kutumia hadubini ndiye aliyetumwa kunisindikiza hadi kwenye gari, kanibebea boksi. Aliona haya kuliko mimi.

Tumepunguzwa kundi zima, wenyewe wanaita marekebisho ya muundo. Nimepewa karatasi kurasa 14. Nikisaini napata mishahara ya wiki 16, nisiposaini ni zile siku za likizo zilizobaki tu. Leo yule dada kanipigia tena, sauti ya asali, eti nikisaini mapema na pesa itaingia mapema.

Mama Neema anasema nisaini yaishe, mtoto yuko mwaka wa tatu chuoni. Mimi moyo unagoma. Kule maegeshoni nilikutana na wenzangu wenye maboksi, na karibu wote tulikuwa na mvi. Waliopitia haya, nisaidieni.


Kutoka: Mama Zawadi, Silver Spring, Maryland

Pole sana Baba Neema. Weka kalamu chini kwanza.

Mimi yalinikuta 2018, nikiwa na miaka 54. Kampuni siitaji, na hiyo pia ilikuwa kwenye karatasi niliyosaini!

Una muda kuliko unavyoambiwa. Sheria ya shirikisho ya 1967 inamlinda mfanyakazi kuanzia miaka 40 asibaguliwe kwa umri wake, kwenye kampuni yenye watu 20 na zaidi, awe raia au asiwe. Ikaongezewa meno 1990: mkipunguzwa kundi na wakataka uachie haki zako za umri, lazima wakupe siku 45 za kufikiri, na hata ukishasaini una siku 7 za kubadili mawazo. Minnesota nako kuna siku 15 za kutangua kwa upande wa haki za jimbo. Huyo dada kusema pesa itatoka mapema anaruhusiwa. Asichoruhusiwa ni kukutisha kwamba ofa itaondolewa kabla ya siku hizo kwisha, au kuwapa waliowahi kusaini zaidi ya wengine. Akipiga tena, andika alichosema, tarehe na saa.

Sasa fungua kurasa za mwisho, zile watu hawasomi. Panatakiwa kuwe na jedwali: vyeo vya kitengo chenu, umri wa kila mtu, waliochaguliwa kuondoka na wasiochaguliwa. Majina hayamo. Kama jedwali halipo, au limepikwa, saini yako haizuii madai ya umri. Na Mahakama ya Juu ilishaamua 1998, kesi ya Oubre, kwamba mtu wa namna hiyo halazimiki kurudisha pesa kwanza ndipo ashtaki.

La kwangu tulilisoma na binti yangu, mezani jikoni, na kalamu mbili, nyekundu na kijani. Kitengo watu 22. Wenye miaka 50 na kuendelea tulikuwa 6, tukaondoka 5. Walio chini ya 35 walikuwa 9, akaondoka mmoja. Binti akauliza, huyo mzee wa sita aliyebaki ni nani? Nikamwambia ni shemeji yake mkurugenzi.

Lakini usishangilie. Kampuni ndiyo inayochora mipaka ya "kitengo", na ikijua kuchora, hesabu hutoka safi. Halafu kuna kesi ya bwana mmoja wa Iowa, Jack Gross. Tangu hukumu yake ya 2009 haitoshi kuonyesha umri ulichangia, lazima uthibitishe kwamba bila umri wako usingeguswa. Huo ni mlima. Kwa hiyo mimi sikushtaki. Nililipa wakili wa kazi saa mbili, akaandika barua moja yenye zile namba za nyekundu na kijani, na wiki 12 zikawa 26. Kuna watakaoniita mwoga. Nilikuwa na mkopo wa nyumba.

Kumbuka pia maneno. Mwaka ule bosi aliniuliza mara tatu ninapanga kustaafu lini, nami nikacheka nikidhani ananitakia mema. Wakili ndiye aliyeniambia hayo ndiyo ya kuandika: nani alisema, lini, nani alisikia.

Malalamiko hupelekwa EEOC, tume ya serikali ya usawa kazini, ndani ya siku 300 kwa majimbo kama yako na langu, na 180 kwa jimbo lisilo na sheria yake ya umri. Hesabu inaanza siku uliyoambiwa, si siku ya mwisho ya mshahara. Wengi wamekosea hapo. Na hata ukisaini, hawawezi kukuzuia kwenda tume, ila pesa za madai unaweza ukawa umeziachia.


Kutoka: Mjomba wa Reading

Asalaam aleikum. Huku Uingereza msiige hayo ya siku 45, ni nchi nyingine. Karatasi ya kuachia haki huku haishiki mpaka mshauri wa sheria wa kujitegemea aipitie na wewe, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayemlipa. Malipo ya kisheria ya kupunguzwa kazini yanaanza ukiwa umetimiza miaka 2 kazini, na kila mwaka uliofanya ukiwa na miaka 41 au zaidi unahesabiwa mshahara wa wiki moja na nusu, mwisho miaka 20. Nimemaliza. Baba Neema, Mungu akufungulie.


Kutoka: Papa Furaha, Louisville, Kentucky

Bandugu, jambo. Miye nafanya kwenye ghala. Nilizaliwa Uvira, Kongo, 1961. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, karani aliandika 1 Januari 1967, sababu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisema 1967 na karani alishachoka. Kwenye zamu yetu tuko tisa tuliozaliwa 1 Januari. Bosi analeta keki moja tu.

Sasa wanapunguza watu. Mgongo wangu ni wa 1961, karatasi ni ya 1967. Hata Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya kuanzia miaka 65, inangojea karatasi. Nauliza kwa Mama Zawadi: kwenye hilo jedwali nitaandikwa miaka ngapi?


Kutoka: Mama Zawadi

Papa Furaha, umenichekesha kisha ukanihuzunisha. Utaandikwa miaka ya karatasi, maana jedwali linatoka kwenye mafaili ya kampuni. Kwa sheria hii zote mbili zimeshapita 40, kwa hiyo unalindwa. Ila hiyo tarehe usianze kuigusa mwenyewe kwa sababu ya kazi. Ona wakili wa uhamiaji kwanza, ndiye anajua kitakachofufuka kwenye faili lako.


Kutoka: Mhasibu wa Dallas

Baba Neema, mimi ni mdogo wako, niongee pesa tu. Umeondoka kazini ukiwa umepita 55, kwa hiyo 401(k), akiba ya uzeeni uliyoweka kwa mwajiri huyu, unaweza kuitoa bila ile faini ya asilimia 10 ya kuitoa mapema (kodi ya kawaida iko palepale). Ukiihamishia leo IRA, akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi, hiyo nafasi imekwenda hadi ufike 59 na nusu. Mtapigiwa simu na watu wa "tukusaidie kuhamisha". Msikimbilie.

Bima ya COBRA, yaani kuendelea na bima ya afya ya mwajiri kwa kujilipia mwenyewe, ni miezi 18 na una siku 60 za kuamua, lakini bei yake kaa chini kabla ya kuisoma, linganisha na soko la bima la jimbo. Kwa waliofika 65: COBRA haihesabiwi kama bima ya mtu aliye bado kazini. Kazi ikiisha una miezi 8 ya kujiandikisha Medicare sehemu B (ile ya madaktari), ukichelewa unalipa ziada kila mwezi, maisha.


Kutoka: Baba Neema

Asanteni sana. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nasoma.

Jedwali lipo, ukurasa wa 12, maandishi ya sisimizi. Mama Neema ndiye aliyeshika kalamu nyekundu, huyuhuyu aliyetaka nisaini. Tulipofika kwenye mstari wa cheo changu tukaona watatu: 57 kaondoka, 61 kaondoka, 29 kabaki. Huyo wa 29 ni yule kijana wangu wa hadubini. Mama Neema akazungusha duara, akaenda kuchemsha chai bila kusema kitu.

Leo ni siku ya 12 kati ya 45. Wakili tumempata, Alhamisi saa nne asubuhi, dola 250 kwa saa ya kwanza. Yule dada kapiga tena jana, nikamwambia bado nasoma. Kijana naye kanitumia ujumbe anauliza mashine namba 3 ikilia inatulizwaje. Nimemjibu. Mama Neema kaninunia hadi sasa.