Wauza mkaa wa Njombe, mnatuuzia mkaa wa paina kwa bei ya mkaa wa miwati. Huu ni wizi!

Wakuu, kamwene.

Naandika huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo mtanisamehe nikipitiliza. Mlioko Dar na Mtwara mnaolala na feni, uzi huu si wenu. Ni wa watu wa Njombe, Makete, Mafinga, Tukuyu na ndugu zetu wa Lushoto, sisi ambao ikishaingia Juni jiko la mkaa linahamia sebuleni na familia nzima inalizunguka mpaka usiku mkubwa.

Juzi nimenunua gunia hapa hapa mjini, kando ya barabara. Simtaji mtu wala kijiwe, maana nimeshagundua mchezo ni wa wengi. Kabla sijatoa hela nikauliza: "Kaka, huu mkaa wa mti gani?" Akajibu bila hata kupepesa macho: "Miwati tupu, mama. Unawasha jioni, asubuhi bado unachemshia chai." Akachomoa kipande pale juu, akakigonga na kingine, kikalia ngii! Nikakishika, kizito, kimevunjika kwa kung'aa, hata mkononi hakikuacha masizi mengi. Miwati kweli. Nikalipa 35,000, bodaboda akafunga mzigo, tukaondoka.

Nyumbani nikamwambia kijana amwage lote chini. Jamani! Miwati ilikuwa ile ya juu tu, pale wanapojazia kupita mdomo wa gunia na kufunga na kamba. Kushuka kidogo ukakutana na paina, vipande vyepesi vya kuelea, ukikiminya kinasagika mkononi kinabaki unga. Katikati ya gunia wamepitisha chenga toka juu hadi chini, na pembeni wamepanga vipande vikubwa ili hata ukilipapasa kwa nje ulione limejaa vizuri. Huyo mtu amekaa akapanga, tena kwa utaratibu kabisa. Chini kabisa visinga, kuni zimeungua ngozi tu, ndani bado ni mti. Na jiwe moja, lenye udongo wa tanuri bado.

Jioni nikawasha hivyo hivyo, ningefanyaje? Paina ikaanza kupasuka, paa! paa! cheche zinaruka hadi kwenye zulia, watoto wanarudi nyuma. Visinga vikaanza kutoa moshi, bibi yao akakohoa mpaka tukalitoa jiko nje na sisi tukabaki ndani tumejifunga mablanketi. Tulipolirudisha lilikuwa limeshakwisha nguvu, majivu meupe matupu. Ugali wenyewe haujaiva.

Kesho yake nikarudi kwake. Mnajua alichonijibu? "Mama, mkaa ni mkaa."

Hapo ndipo aliponichefua hasa. Mkaa SI mkaa, na yeye anajua kuliko mimi, ndiyo maana ile miwati aliiweka juu na si chini! Mtoto yeyote wa Njombe aliyekulia kwenye moshi anajua hili. Miwati asili yake ni Australia, ililetwa nchini kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, na Kampuni ya Tanganyika Wattle iko pale Kibena tangu 1949. Mababu zetu wakapanda kwenye vishamba vyao, wakawa wanabandua magome wanauza, mti uliobaki wanachoma mkaa. Ni mti mgumu, mzito, na mkaa wake unarithi uzito ule ule: moto wa taratibu, hauna cheche nyingi, ukiufunika na majivu kidogo unakaa. Kwa mtu anayetaka kupasha nyumba joto, hakuna zaidi ya hapo. Paina imepandwa kwa mbao. Inakua haraka, mti wake ni mwepesi, na mkaa wake ni hivyo hivyo, unawaka kwa fujo halafu unazima.

Naelewa kilichobadilika. Watu wameng'oa miwati wakapanda parachichi, na siwalaumu, parachichi linasomesha. Viwanda vya mbao vimejaa kila kona na mabanzi, yale mabaki ya magogo yaliyopasuliwa, yapo ya kumwaga, kwa hiyo vijana wanachoma mabanzi. Sawa! Chomeni! Mimi sina ugomvi na mkaa wa paina. Ni mzuri kwa kuwashia, kwa mama ntilie anayetaka moto wa fasta wa chapati. Uuzeni kama paina, kwa bei ya paina, mlango kwa mlango nitawaungisha. Ila usinichukulie bei ya miwati ukanipa mabanzi yaliyovalishwa kofia.

Na visinga nalo ni jambo la kusema. Tanuri likijengwa vizuri, likafunikwa majani na udongo likaachwa, mti unaiva wote. Sasa hivi mtu ana haraka ya hela, anafukua kabla ya wakati, ile isiyoiva anaichanganya humo humo. Kwa mpishi wa nje ni usumbufu tu, macho yatamuwasha. Kwetu sisi tunaoingiza jiko ndani, moshi wote ule unaishia vifuani.

Kingine, hivi gunia ni kipimo cha nini? Lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita mdomo, kwenye nyanya inapigwa vita, kwenye viazi inapigwa vita, Wakala wa Vipimo tunawasikia kila msimu wa mavuno. Mkaa unapita na mlima juu ya gunia na hakuna anayeuliza. Na huo mlima mnunuzi anaufurahia, anaona kazidishiwa! Najua kuna mtu atasema dawa ni kuuza kwa kilo. Nilishamsikia jirani akisema hivyo na nikamwambia subiri, siku ya kwanza tu wataumwagia maji. Mkaa unakunywa maji vizuri sana, na utalipia maji hayo kwa bei ya miwati halafu ukeshe unapepea. Mimi ninachotaka ni rahisi: gunia limwagwe chini mbele ya mnunuzi aone mkaa ni mkavu, ujazwe kwenye debe, na debe liwekwe kwenye mizani. Debe la miwati kavu na debe la paina kavu havifanani uzito hata kidogo, hata bila mizani mkono utakwambia. Muuzaji anayekataa kumwaga, ujue kuna kitu katikati.

Haya, najua mnaokuja na majibu yenu.

"Nunua gesi." Ninayo, mkuu. Mtungi wa kilo 6 upo jikoni na ninapikia. Nani alishawahi kupasha sebule joto kwa mtungi wa kilo 6? Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania, na mimi nauunga mkono. Lakini someni jina lake: ya KUPIKIA. Aliyeko Makete ambaye asubuhi anakuta barafu kwenye majani ya viazi, joto la usiku atalitoa wapi? Hilo sijasikia kiongozi hata mmoja akiligusa, na nadhani ni kwa sababu mikutano yote inafanyika kwenye kiyoyozi.

"Tumia hita ya umeme." Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Iwashe kwa masaa manne kila jioni, ni uniti 8. Siku 10 tu umefika 80, umeshatoka kwenye kundi la bei nafuu la watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, na bado hujapiga pasi. Na usiku wenyewe umeme ukikatika?

"Makaa ya mawe si yapo kwenu?" Hili linaniumiza zaidi. Ni kweli, Mchuchuma iko Ludewa, mkoa huu huu wetu, na tani zinazotajwa ni milioni 428. Tumezaliwa tukisikia habari za makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na watoto wetu wanazisikia. Lakini hata yangekuwa yanauzwa sokoni leo, makaa ya mawe ghafi hayawekwi kwenye jiko la wazi la sebuleni. Yana salfa, yanataka jiko la chuma lenye dohani inayopeleka moshi juu ya paa. Nyumba za zamani za wamisheni na za mashambani utaona dohani zake. Sisi tunajenga za bati na dari ya jipsamu, joto linatoka kama maji kwenye ungo. Upo mkaa mbadala wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira, ule umetengenezwa kwa kupikia, na huo sina neno nao.

Na kwa kuwa wengine mtasoma hapa mkakimbilia kutafuta miwati, niseme hili kwa ukali: mkaa mzuri usio na moshi ndio unaoua kimya. Ule wa visinga angalau unakutoa nje kwa kikohozi. Miwati iliyoiva inatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu anahisi kichwa kinamuuma na usingizi mzito, anadhani amechoka. Kila msimu wa baridi tunasikia familia zimekutwa asubuhi zimefariki. Washeni nje mpaka ndimi za moto ziishe, dirisha liachwe wazi kidogo hata kama upepo unakata, na mkienda kulala jiko litoke nje. LITOKE. Msiniambie mtoto atasikia baridi, mvalisheni soksi mbili.

Turudi kwa wezi wetu. Nimewaambia akina mama wa mtaani kwetu tuache kununua gunia lililofungwa, kila mtu aende na ndoo yake na kitu kimwagwe. Wawili wamekubali, mmoja ananiambia nitaonekana mkorofi. Basi niwe mkorofi mwenye joto.

Kama kuna mtu humu ana shamba la miwati Uwemba, Luponde, Matola au kokote hapa karibu, na anachoma mwenyewe, aje inbox. Sihitaji punguzo. Nitakuja na pikapu ya kuazima, na mizani yangu, tumwage, tuchambue visinga tukiongea vizuri, nikulipe hapo hapo. Nikikuta mkaa wako uko sawa nina majirani wengi nyuma yangu wanaosubiri jibu, na baridi ya Julai ndiyo kwanza inaanza.