Watoto wa Kukhu (nyanya) Robai: gumzo la Jumanne usiku

[18:52] Nafula: Habari za jioni watu wa nyumbani. Sitazunguka. Juzi Baba Ivy, huyu mume wa Nekesa, alileta mtu na tepu ya kupimia, wakapima ile ploti ya nyumba yao Kiamunyi kona hadi kona. Nekesa alikuwa jikoni, hakuambiwa kitu. Jumamosi tukutane Nakuru. Nani anakuja?

[19:06] Nafula: Naona mmesoma.

[19:20] Lilian: Pole sana Nekesa 🙏🏾

[19:21] Simiyu: Pole dada.

[19:24] Nafula: Pole tumepeana tangu Krismasi. Nauliza nani anakuja.

[19:31] Khocha Barasa: Wapwa zangu hamjambo. Huyu mtoto alitolewa mahari, watu walikuja hapa wakala wakashiba. Hamwezi kukimbilia korti kuvunja ndoa kabla wazee wa pande zote hawajakaa. Wakidai ng'ombe wao mtarudisha nini?

[19:33] Wanjala: Khocha, kwani yule fahali wako wa mahari bado yuko? 😂

[19:33] Brian: Aliuzwa Chwele 😂😂 nilisaidia kumswaga

[19:34] Khocha Barasa: Yule ng'ombe hakuwa na afya tangu aletwe. Nilisema siku ileile.

[19:35] Wanjala: Ulisema ukiwa umeshika kamba yake

[19:36] Lilian: 😂😂

[19:41] Nafula: Wanjala tafadhali. Mtu anauza nyumba juu ya kichwa cha dada yako.
Khocha, kwa heshima. Wazee wakae, sijakataa. Lakini hawa walifunga ndoa kanisani, cheti kipo. Wazee hawawezi kuivunja, mchungaji hawezi. Ni korti tu, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014. Na korti haingoji ng'ombe warudi.
Sasa nyumba. Nilipita ofisi ya FIDA, wale mawakili wanawake, hapa Kisumu nikauliza. Hati ina jina la Baba Ivy peke yake, ni kweli. Lakini ile nyumba wanaishi ndani yake, ni mali ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema haiuzwi wala haiwekwi rehani bila wote wawili kukubali. Shida ni kwamba mnunuzi anaweza kuambiwa hakuna mke. Kwa hivyo Nekesa aende ofisi ya ardhi Nakuru aweke kizuizi kwenye hati. Kesho, si wiki ijayo. Na msajili lazima amjulishe Baba Ivy kwamba kizuizi kimewekwa. Ndiyo sababu nataka watu Nakuru. Siku atakapopata habari, Nekesa asiwe peke yake mle ndani.

[19:58] Simiyu: Si watagawana tu nusu kwa nusu yaishe?

[20:04] Nafula: Hakuna nusu ya moja kwa moja Simiyu. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023, kila mtu hupata kulingana na alichochangia. Mchango si pesa pekee. Kulea watoto, kupika, kulima, kusimamia duka, vyote vinahesabiwa, lakini uonyeshe. Nekesa, kusanya risiti za simiti, M-Pesa ulizotumia fundi, picha za msingi. Wanjala ndiye alileta mabati kutoka Kitale, atasema.

[20:05] Wanjala: Nitasema. Mafuta ya hiyo safari sijalipwa mpaka leo

[20:09] Simiyu: Kama tunakumbuka madeni, tukumbuke yote. Nani alimdhamini Baba Ivy kwa mkopo wa Sacco? Mlinizunguka pale sebuleni mkasema mwalimu ndiye ana mshahara wa kuaminika. Alilipa kidogo akanyamaza. Anayekatwa kila mwisho wa mwezi ni mimi.

[20:10] Nafula: Hiyo tuiweke kando kwanza.

[20:10] Simiyu: Imewekwa kando tangu mwaka wa Korona.

[20:12] Lilian: Na sisi pia tuna karo. Nasema tu.

[20:17] Nafula: Basi leta barua ya Sacco wakili aisome. Deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa hubebwa na mume na mke wote. Tujue kama ule mkopo ulijenga nyumba ama uliingia kwingine.

[20:19] Simiyu: Kumaanisha nimdai dada yangu?

[20:26] Khocha Barasa: Na watoto? Kwetu watoto ni wa baba. Ivy na Timo watakwenda kwa bibi yao Bungoma.

[20:33] Nafula: Khocha, Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa baba na mama jukumu sawa, na linalotangulia ni maslahi ya mtoto. Wakielewana, wanaandika kwa afisa wa watoto: wanakaa na nani, likizo wapi, karo nani, kisha korti inapitisha. Wasipoelewana, kila mmoja anaapa mapato yake na hakimu anaamua. Nekesa, hata asipotuma matumizi usimzuie kuwaona. Ni mambo mawili tofauti. Na uangalie bima ya afya ya SHA, kama watoto wako chini ya jina lake.

[20:35] Wanjala: Huyo awaone watoto gani? Huyo ni takataka, hata watoto wanajua

[20:36] Brian: 🔥

[20:51] Kukhu Robai: 🎤 1:47

[20:58] Brian: Kukhu ameniambia niandike kwa wasiosikia sauti. Anasema:
"Ivy amenipigia sasa hivi. Ameshika simu ya mama yake, anasoma mnavyoandika. Ameniuliza kama baba yake ni takataka. Baba yenu alipokaa Kampala na mwingine, niliwalea, na hakuna hata mmoja wenu aliyenisikia nikimtaja vibaya. Alipokufa mlimlilia. Hayo machozi mimi ndiye niliwawekea. Mambo ya Nekesa yasiandikwe hapa tena. Wa kwenda Nakuru aende. Barasa, ng'ombe niachie mimi."

[21:02] Wanjala amefuta ujumbe

[21:30] Khocha Barasa: Nimesikia dada.

[22:04] Nekesa: Simu ninayo mimi sasa. Ivy amelala. Kesho nikishawafikisha shule nitapita ofisi ya ardhi. Sijui ada yake ni ngapi.

[22:05] Nafula: Nakupigia.

[22:41] Nafula: Jumamosi ni mimi na Lilian. Wanjala? Simiyu? Sitaandika zaidi, Mama amesema.

[22:58] Simiyu: Nitaangalia.

[23:10] Wanjala: Nikipata gari

[06:12] Anti Phoebe: Ndio naona, Kakamega hatukuwa na stima. Jumamosi ni Nakuru ama ni nyumbani?

[06:15] Nafula: Nakuru. Simiyu, ile barua.