Tupeane uzoefu: kompresa ya AC used, kuna aliyedumu nayo?

Mleta mada, Mafiati
Wakuu habari za mchana. Nina Toyota IST, kompresa imeanza kulia kama mashine ya kusaga nikiwa Igawa natokea Dar. Fundi kafungua, imekufa ndani. Bei ya mpya imenikatisha tamaa, ananishauri nichukue used ya Japan. Wengine wananiambia Mbeya AC ya nini, ng'oa weka mkanda mfupi. Hao nadhani hawajawahi kupita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana. Waliofunga used, hali ikoje?

Mdau wa Uyole
AC huku si ya ubaridi tu, mkuu. Pita Isongole na ukungu, gari imejaa watu, kioo chote mvuke. AC inakausha hewa. Iwashe pamoja na hita uone kioo kinavyosafika. Yangu ni used kwenye Noah na bado inapoza vizuri. Ila iwashe angalau dakika kumi kila wiki hata Julai. Sili ya shafti inalainishwa na mafuta yanayozunguka na gesi, ukiilaza miezi inakauka na gesi inatoroka. Ndiyo maana gari nyingi za huku hazina gesi na mwenyewe hajui.

Mdau wa Makambako (fundi)
Nafanya kazi hii, ngoja niseme. Used haina shida. Shida ni uchafu ulioachwa na ile iliyokufa. Kompresa ikijisaga ndani, unga wa chuma unatoka na paipu ya presha kubwa, unaingia kondensa (ile kama rejeta ya AC, mbele ya gari), mwingine unaenda kuziba ekspansheni valvu (kitundu chembamba kinachoshusha presha ya gesi). Unafunga kompresa nzuri kabisa, siku chache kelele ileile. Muuza spea anatukanwa bure.

Fungua paipu pale kompresa inaposhikia, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na tope jeusi linalometameta, badili kondensa. Za siku hizi njia zake ni nyembamba mno, hata uoshe vipi unga unabaki. Paipu na evaporeta (kipozeo cha ndani ya dashibodi) zioshwe kwa dawa yake na kupulizwa, na hapo sisemi petroli! Valvu badili. Draya (kichujio cha gesi) iwe mpya hata kama vingine vyote ni used: dawa yake inafyonza unyevu, na iliyokaa wazi dukani imeshashiba. Gari nyingi sasa draya imeshikana ubavuni mwa kondensa, kwa hiyo vinaenda pamoja.

Ukienda kuchagua, chukua yenye vifuniko kwenye matundu. Zungusha kile kisahani cha mbele kwa mkono, si puli peke yake. Izunguke kwa uzito bila kukwama wala kukwaruza. Inusishe, mafuta yaliyoungua yanajitangaza. Linganisha namba, masikio ya bolti na mistari ya puli. Koili ya klachi ya kompresa ipime, nyingi ninazopima zinasoma kati ya omu 3 na 5.

Mdau wa Tunduma
Mimi niling'oa na sijutii. Ila mleta mada, kwenye IST usiiache ile mbovu ukidhani umeizima. Mkanda mmoja unazungusha kompresa, alteneta na wotapampu. Beringi ya puli ikifa mkanda unaondoka, huna chaji na injini inachemka.

Mdau wa Iringa
Kamwene wakuu. Ogopeni fundi anayejaza gesi bila kuvuta vakumu, yaani kunyonya kwanza hewa na unyevu kwa pampu. Na wenye pampu nao msiwagombeze: tulibishana sana gereji moja kwa sababu geji iligoma kufika inchi 30 za zebaki, nikadhani pampu mbovu. Kumbe ni mwinuko! Kwenye mita 1,600 au 1,700 hewa ni nyepesi, sindano inaishia 24 au 25 tu. Cha kuangalia ni isirudi baada ya kufunga koki na kusubiri nusu saa.

Mdau wa Kyela
Wenye Aqua na Prius: kompresa yenu ni ya umeme, mafuta yake ni ND-11. Jirani yangu walimtilia ya kawaida ya PAG, gari ikawasha taa ya haibridi na kugoma kwenda. Nyaya za rangi ya chungwa msimwachie kila mtu azishike.

Mleta mada
Nimefanya ya kitambaa leo, kimetoka cheusi. Aliyesema tutapuliza tu na upepo nimemwambia asubiri. Fundi wa Makambako, mafuta natia kiasi gani?

Mdau wa Makambako (fundi)
IST ni ND-8. Ukishaosha mfumo na kubadili kondensa, mwaga mafuta yote ya zamani ya hiyo used, utie mapya kwa kipimo cha mfumo mzima. Usikisie, yakizidi haipozi. Gesi ipimwe kwa mizani, aina na gramu vimeandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Mleta mada
Ndaga sana. Mwenye kondensa ya IST hapa Mbeya anitajie bei.