Naomba ushauri: semina ya Higgs, niweke mashine zipi?

Habari zenu wakuu. Naandaa semina ya uzamili kuhusu bosoni ya Higgs (chembe inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi), nimekwama kwenye mpangilio. Wa fizikia nisaidieni.

Msimamizi anataka nionyeshe kwa nini LHC, mashine ya kugonganisha protoni pale CERN (maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva), haitoshi peke yake. Ndiyo iliyoiona Higgs mwaka 2012, na kwa matukio adimu, mfano Higgs kuoza kuwa myuoni mbili (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi), inashinda kwa wingi wa Higgs inazozalisha. Shida ni kwamba protoni ni mfuko wa chembe ndogo zaidi, kwaki na gluoni: hujui vipande vilivyogongana vilikuwa na nishati kiasi gani.

Elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) hazina utata huo, kwa kuwa si mifuko ya vipande. Kwenye mpango wa FCC-ee, mashine ya kugonganisha elektroni na positroni yenye mzingo wa kilomita 91 hivi, kwa GeV 240 (GeV ni kipimo cha nishati) Higgs hutoka pamoja na bosoni ya Z, chembe nyingine nzito. Unaipima Z, unaitoa kwenye nishati ya mwanzo, kinachobaki ni Higgs, hata kama imeoza kuwa vitu visivyoonekana! Hapo unapata nguvu ya mwingiliano wa Higgs na Z bila kukisia, na vipimo vya LHC vinapata pa kusimamia. Kwangu hii ndiyo hoja tamu kuliko zote.

Kinachonisumbua ni Higgs kuingiliana na Higgs mwenzake. GeV 240 haitoshi kutoa jozi ya Higgs; LHC iliyoboreshwa inaweza kuzitafuta, na mashine ya elektroni na positroni iliyonyooka (si ya duara) ya GeV 500 pia. Kwa dakika 20, niliingize hili au niishie kwenye Z?