Tupeane uzoefu: viazi vya jira kwa chakula cha jioni siku za kazi

Mleta mada
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya viazi mbatata vya kukaangwa kwa binzari nyembamba, ambavyo Wahindi wa kaskazini huviita jeera aloo, na hiyo jeera ndiyo jira yetu ya pwani. Mimi huchemsha viazi nusu kilo na maganda yake asubuhi wakati naandaa chai, nikaviacha vipoe, na nikirudi kazini saa moja usiku kazi inayobaki haifiki dakika 20, hata kama watoto wameshaanza kuulizia chakula. Kwa miaka mingi viazi vyangu vilikuwa na uchungu nisioujua unatoka wapi, hadi nilipotambua kwamba nilikuwa namwaga manjano na pilipili ya unga kwenye mafuta makali, vikaungua kabla viazi havijaingia. Siku hizi hutanguliza kijiko kimoja cha chai cha jira nzima kwenye vijiko vitatu vya mafuta, nikangoja punje zichezecheze, zinukie na kuiva rangi, jambo lisilozidi nusu dakika, kisha napunguza moto, natia tangawizi na pilipili mbichi, viazi vinafuata, na manjano nanyunyizia juu ya viazi vyenyewe. Kwenu mnafanyaje?

Mchangiaji wa Mombasa
Mimi nilifundishwa na bibi mmoja wa Kigujarati tuliyepanga naye nyumba moja, naye alianza na haradali nzima, akafunika sufuria kwa sababu punje zile huruka, na zilipotulia ndipo alipotia jira na chembe kidogo ya mvuje. Mvuje mbichi unanuka vibaya, nakiri, lakini ukigusa mafuta ya moto harufu yake hugeuka ikawa kama ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Mwishoni alitia sukari kidogo, kama walivyozoea Wagujarati, na viazi alikuwa akiviita bateta, neno lililo ndugu wa mbatata yetu, kwani yote mawili yana asili katika batata ya Wareno. Mpaka leo siwezi kupika viazi hivi bila kumkumbuka akiinamisha sikio kusikiliza sufuria.

Mchangiaji wa Nakuru
Dada mleta mada, usisahau aina ya kiazi. Huku tunakula sana Shangi, ambacho huiva upesi na ukizubaa kinapasuka, kwa hiyo mara mbili nilipata kitu kinachofanana na uji wa manjano. Dawa niliyoipata ni kukiepua kingali kigumu kidogo katikati, kumwaga maji yote na kukiacha kipoe kabisa kabla ya kukikata, kwa maana kiazi kilichopoa hushikamana na hakivunjiki ukikigeuza.

Mchangiaji wa Leicester, Uingereza
Hapa mjini kuna Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, kwa hiyo viungo hivi havinipi tabu. Huongeza majani makavu ya uwatu niliyoyafikicha kiganjani, na tunakula kwa chapati na dengu.

Mchangiaji wa Tanga
Nauliza kuhusu ndimu. Nilikamulia mapema, viazi vikiwa bado vibichi kidogo, na vikakataa kulainika hata baada ya robo saa nzima ya kufunikwa.

Mleta mada
Ndugu wa Tanga, ndivyo ilivyo, kwa kuwa ukali wa ndimu huzuia viazi kulainika. Kamulia ukishaepua, pamoja na kotimiri iliyokatwa. Nami kesho nitajaribu haradali ya dada wa Mombasa, na mfuniko nitakuwa nao mkononi.