Ushauri: mizuka kwenye opera ionekane jukwaani au isikike tu?

Msaka Tenori:
Wakuu habarini. Nipo Uingereza, na kikundi chetu cha ridhaa kimenikabidhi kuongoza *The Turn of the Screw*, opera (mchezo wa kuimbwa) ya Benjamin Britten. Ukumbi ni wa kanisa: jukwaa dogo mbele, roshani nyuma. Kwa asiyeijua, mwalimu kijana anapelekwa nyumba ya shamba iitwayo Bly kulea yatima wawili, Miles na Flora. Anaanza kuona watu waliokwisha kufa: mtumishi Peter Quint, na Miss Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Ukisoma hadithi yenyewe ya Henry James, ya mwaka 1898, unafika mwisho hujui kama mizuka ipo au yule dada anaona vyake.

Mimi utata huo ndio ulionivuta. Nimepanga Quint na Jessel waimbe nyuma ya pazia mwanzo mwisho, wasionekane kabisa. Mwongoza muziki wetu hataki hata kusikia. Nisaidieni.

Kinanda cha Kale:
Mkuu, mwenzako yuko sahihi. Kwa James mizuka haisemi neno. Britten na mwandishi wake wa maneno, Myfanwy Piper, wameipa sauti, tena sauti nyingi. Fungua mwanzo wa sehemu ya pili: Quint na Jessel wako peke yao wanalaumiana, mwalimu hayupo. Sasa hapo anayeota ni nani?

Utata upo, ila uutafute kwa Mrs Grose, msimamizi wa nyumba. Kule ziwani mwalimu anamwonyesha Jessel, naye anasema haoni kitu. Jessel asimame wazi mbele ya watazamaji, Grose atazame palepale, halafu akane. Ukumbi mzima utabaki haujui umwamini nani.

Mpita Njia:
Mzuka unaimba tenori? Kwetu Pangani shehe angeshaitwa kabla ya mapumziko 😂 Endeleeni, nasoma.

Msaka Tenori:
@Kinanda umeniharibia mpango mzima, asante. Swali la pili: hela. Tukipiga kwa piano peke yake itakubali?

Kinanda cha Kale:
Kwa mazoezi sawa. Kwa maonyesho, hapana. Wapigaji ni 13 tu, na kila mmoja ana kazi yake kwenye hofu ile. Quint anakuja na selesta, kinanda chenye mlio kama wa vikengele vitamu, unaomwita mtoto kitandani usiku. Jessel anakuja na mlio mzito wa gongi, ile sahani kubwa ya chuma inayogongwa. Ukiviondoa umebaki na watu wawili waliovaa nguo za zamani. Isitoshe Britten alifariki 1976, hakimiliki bado iko hai. Kibali ni cha mchapishaji, na kupunguza vyombo kwa kujiamulia kunaweza kukuletea barua ya mwanasheria.

Fundi Taa:
Pazia usilitupe. Tafuta kitambaa cha wavu. Ukikimulika kwa mbele, taa zikitokea juu au ubavuni, kinaonekana kama ukuta. Ukizima za mbele na kuwasha nyuma yake, aliyekuwa kasimama gizani anatokea. Shida ya kumbi za kanisa ni kuta nyeupe: mwanga unarudi na kitambaa kinavuja, Quint anaonekana dakika tano kabla ya zamu yake. Tundika kitambaa cheusi nyuma yake, taa ziwe kali za pembeni.

Na selesta ikianza, usikimbilie kuwasha. Acha sikio litangulie, watu waanze kumtafuta wenyewe.

Samani uzisahau. Kati ya tukio moja na jingine la mchezo kuna kipande kifupi cha ala tupu, huwezi kuhamisha kitanda na dawati humo. Weka kila kitu jukwaani tangu mwanzo.

Shangazi wa Leeds:
Mwanangu, mnagombania pazia, Miles mmempata? Sauti ni ya mvulana ambayo haijavunjika kwa balehe, na hilo halina ratiba. David Hemmings, aliyeimba Miles opera ilipozinduliwa Venice mwaka 1954, sauti ilimkatikia jukwaani Paris miaka miwili baadaye. Andaa wavulana wawili. Ulizia mapema halmashauri yenu kuhusu kibali cha watoto kuigiza, na mlezi wa kukaa nao nyuma ya jukwaa.

Kubwa zaidi, ongea na wazazi wao. Quint anamvuta mtoto kwa namna isiyopendeza, na mwisho mtoto anafia mikononi mwa mwalimu. Mzazi asisubiri kulijua hilo siku ya onyesho.

Msaka Tenori:
Shangazi, shikamoo. Mvulana tunaye mmoja tu, kesho naanza kumsaka wa pili.

Nimeamua: pale mwalimu anapomwona Quint juu ya mnara, Quint atokee roshanini, nyuma ya watazamaji, wageuke wenyewe. Pale anapomwona dirishani, atoke kwenye wavu wa Fundi. Sehemu ya pili wote wawili wawe wazi.

Kinanda cha Kale:
Roshanini atamwonaje mwongoza muziki?

Fundi Taa:
Kamera na skrini ndogo, kwa waya. Ukitumia intaneti picha inachelewa, naye atachelewa nayo.