Naomba ushauri: Je, nimwonyeshe baba mkwe filamu inayokejeli ushujaa wa vita?

Mkwe Mtarajiwa: Ndugu zangu, Jumamosi nimealikwa kwa wazazi wa mchumba wangu, nami ndiye niliyeombwa kuchagua filamu. Nimechagua The Americanization of Emily ya mwaka 1964, ambamo James Garner ni Charlie, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeko London mwaka 1944, anayejitangaza bila haya kuwa mwoga, na Julie Andrews ni Emily, dereva aliyefiwa na baba, kaka na mume kwa sababu ya vita. Tangu juzi sipati usingizi. Je, inafaa?

Bibi Sinema: Inafaa sana. Marehemu mume wangu alipofika pale Charlie anapomweleza mama yake Emily kwamba vita huendelezwa pia na sisi tunaowatukuza waliokufa, aliacha kutafuna karanga, akabaki na kiganja wazi mpaka mwisho.

Mzee wa Kigoda: Kijana, ukweni huenda mtu na adabu, si na filamu.

Shahidi: Filamu ya kuchekesha haimnyimi mtu usingizi. Kuna jambo umelificha.

Mkwe Mtarajiwa: Naam, baba mkwe ni askari mstaafu, na kila mgeni huonyeshwa kovu la risasi lililo pajani mwake. Mchumba wangu amenidokeza kwamba risasi hiyo ilimponyoka mwenzake alipokuwa akisafisha bunduki. Hata hivyo, mzee nimekwisha kumtajia filamu yenyewe, tena amefurahi kusikia habari za ufukwe wa Omaha, kule Ufaransa walikotua wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, na kwa maoni yangu inayodhihakiwa ni vita, si askari.

Shahidi: Subirini kidogo. Katika filamu hiyo Charlie hupigwa risasi ya mguu na rafiki yake Bus pale pale Omaha, kisha wakubwa wakamfanya shujaa kwa sababu admirali alitaka maiti ya kwanza ufukweni iwe ya mwanamaji. Mguu, rafiki, ushujaa wa bandia: bwana huyu ametusimulia filamu akaipeleka ukweni.

Mcheshi: Na mchumba, bila shaka, anaitwa Emily.

Mkwe Mtarajiwa: Sijatunga. Nilipoichagua nilikuwa nimetazama nusu tu, na nusu ya pili nimeiona juzi.

Bibi Sinema: Ala! Basi kumbuka kwamba Charlie anapotaka kuutangaza ukweli, Emily ndiye anayemsihi akubali kuitwa shujaa. Muulize wako.

Mkwe Mtarajiwa: Nimemuuliza. Anasema baba yake amekwisha kuwaalika wenzake watatu wa kikosini, akiwemo yule aliyekuwa akisafisha bunduki.